Wewe Mtoto wa Nani?

JUMATATU

Nimeteuliwa kuwa Mratibu wa TEHAMA wa shule. Sifa zangu ni mbili. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na muhula uliopita nilionekana nikichomoa waya wa projekta na kuuchomeka tena, ikawaka. Uteuzi hauna posho. Una ufunguo.

Chumba cha kompyuta kina kufuli tatu kwa sababu ya wezi. Ufunguo mmoja ndio huo wangu. Wa pili anao mlinzi, ambaye hulala mchana kwa kuwa ndiyo haki yake. Wa tatu anao mwalimu wa stoo, aliyekwenda mazikoni Muheza. Mwizi atakayeweza kuzikusanya funguo zote tatu kwa siku moja atakuwa amezistahili zile kompyuta.

Tulisubiri nje kwenye mstari, watoto 57 wa Darasa la Sita na mimi. Kipindi ni dakika 40. Mlango ulifunguka dakika ya 33. Kwenye andalio la somo nikaandika: "Mada: Utangulizi."

Kipindi kilichofuata kilikuwa changu cha Kiswahili, nikakitoa sadaka. Kompyuta ni 12. Zinazowaka ni nane. Watoto saba kwa kila moja ni 56, anabaki mmoja. Huyo nikamweka pembeni ya ukuta ashikilie ekstensheni isilegee. Alikaa nayo kipindi kizima bila kutikisika. Mpaka sasa ndiye pekee ninayeweza kusema amehitimu.

Watoto hawa wamekulia kwenye simu za wazazi wao. Walipoona kioo, wakakigusa. Kioo hakikuitika. Wakakitelezeshea vidole, juu chini, kushoto kulia. Mmoja akanyoosha mkono kwa adabu, akasema, "Mwalimu, tachi imekufa." Nikamwambia haijafa. Haikupata kuzaliwa.

Nikafundisha kipanya. Nikaeleza kwamba Mmarekani Douglas Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, na kwamba kile cha mwanzo kabisa kilikuwa kijisanduku cha mbao. Walisikiliza vizuri. Kisha wakauliza kwa nini kipanya namba tano hakifanyi kazi. Waya wake umetafunwa na panya. Sikuona la kuongeza.

Nilichukua dakika sita kuwaeleza kwamba kompyuta haizimwi kwa kuchomoa waya. Faili zinaweza kuharibika. Kuna utaratibu wake, una hatua tatu, na unahitaji utulivu. Kengele ikalia. Mshika ekstensheni akaiachia.

JUMANNE

Leo ilikuwa zamu ya kibodi.

Kompyuta zetu ni msaada kutoka Ujerumani. Zilikuja ndani ya kontena zikiwa zimeshatumika, pamoja na barua nzuri. Wajerumani walitolewa hapa Tanga na Waingereza mwaka 1916. Wamerudi kupitia kibodi.

Kwenye kibodi ya Kijerumani, Z imekaa mahali ambapo wengine huweka Y, na Y imekwenda kwa Z. Lakini aliyezifunga kompyuta zetu ameziwekea mpangilio wa Kiingereza kwa ndani. Kwa hiyo ukibonyeza Z inatoka Y, na ukibonyeza Y inatoka Z. Mwalimu wa Hisabati angevumilia. Mimi nina ngeli.

Zoezi lilikuwa jina na sentensi moja. Zuhura akawa Yuhura. Yusufu akawa Zusufu. Aziza akawa Ayiya, ambalo si jina, ni sauti ya mtu aliyeungua na chai. Sentensi ilikuwa "Hii ni kalamu yangu." Vikundi vyote vikatoa "Hii ni kalamu zangu." Ngeli ya I-ZI nimeifundisha kwa miaka 14. Imevurugwa na kitufe kimoja.

Niliwaonyesha vinundu viwili vidogo vilivyo juu ya F na J. Vimewekwa ili vidole vya shahada vijue kwao bila macho kutazama. Kwenye F na J hakuna mgogoro. Hapo Wajerumani na Waingereza walielewana.

Kabla kipindi hakijaisha watoto walikuwa wamezoea. Wakitaka Z wanakwenda kwa Y bila kufikiri. Mmoja alipata hata alama ya @, ambayo kibodi inadai iko kwenye Q, nayo iko kwenye 2. Wanaendelea vizuri. Naogopa siku watakayokutana na kibodi nzima.

Saa nne na robo luku ikaisha. Mwalimu wa fedha yuko kwenye semina ya usimamizi wa fedha. Nikatoka kwenda kwa wakala niweke hela kwenye simu ninunue umeme kwa niaba ya taifa. Foleni ilikuwa ya watu tisa. Mimi nilikuwa wa kumi, kisha wa kumi na moja, kwa sababu kuna mtu alikuwa "yupo pale tangu asubuhi" ingawa hakuwapo.

Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja na mjukuu wake wa Darasa la Sita, wa kwangu. Bibi hana miwani. Akamwambia mtoto, "Mwanangu, niwekee namba ya siri." Mtoto akaiweka. Ili bibi ahakikishe haijakosewa, mtoto akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja. Foleni nzima tuliisikia. Nilijitahidi kuisahau, kazi ambayo ni ngumu kuliko kukumbuka.

Nilirudi na tarakimu 20 za luku kwenye karatasi. Nikaziingiza mara ya kwanza nikakosea. Mara ya pili nikakosea. Mara ya tatu mtoto wa mpishi, ambaye hajaanza shule, akaniambia, "Hapo ni nane, si tatu." Umeme ukarudi. Darasa lilikuwa limeshakwenda uji.

Jioni niliandaa somo la kesho kwenye kishikwambi. Ni kimojawapo cha vile vya Sensa ya mwaka 2022, ambavyo baadaye tuligawiwa walimu. Sensa ile ilihesabu watu 61,741,120. Sasa kishikwambi changu kinahesabu alama za mwanangu wa mwisho kwenye mchezo wa matunda. Nilikipata saa nne usiku kikiwa na chaji asilimia nne.

JUMATANO

Usalama mtandaoni. Ndilo somo lenyewe. Haya mengine yote yalikuwa mlango.

Nimeandika manila kwa kalamu mbili, nyekundu na bluu. Sheria ya kwanza: Usimtajie mgeni jina lako kamili, shule yako, mtaa wako wala mzazi wako. Ya pili: Nywila usimpe mtu, hata rafiki. Ya tatu: Ukitumiwa kitu cha kukutisha au kukuaibisha, usijibu na usikifute, kionyeshe kwa mtu mzima unayemwamini, au piga 116 bure. Ya nne: Usiweke picha ya mtu bila idhini yake. Manila iligharimu hela yangu. Risiti ninayo, ingawa hakuna aliyeiomba.

Kabla sijamaliza kusoma sheria ya kwanza, mkono ukanyooshwa. "Mwalimu, mgeni si hukaribishwa?" Mwingine akadakia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo niliwafundisha mimi, Februari, na wote waliipata kwenye mtihani. Nikaona mzungu aliyebuni somo hili hakuwa na taabu ya neno. Kwake mgeni ni mtu wa kukimbiwa. Kwetu hukimbiliwa mzigo.

Nikafuta "mgeni" nikaandika "mtu usiyemjua". Mtoto wa dawati la mbele akasema babu yake humwambia usiyemjua msalimie, utamjua. Nikasema kwenye simu ni tofauti. Akauliza tofauti yake ni nini. Nikatazama saa. Ilikuwa imesimama, kama kawaida ya saa ya chumba kile.

Nikahamia nywila. Nikawaambia siri ya mtungi aijuaye kata, na kwamba nywila ni siri ya mtungi usiokuwa na kata. Kimya. Kisha swali: "Mwalimu, kata ni nini?" Nikaeleza. Swali la pili: "Ni kama jagi?" Nikasema ndiyo, ni kama jagi. Nywila bora ni ndefu, ina maneno ambayo hayana uhusiano, na haina jina lako. Kama mfano nikaandika ubaoni: chungwa-baiskeli-mvua.

Nikawaambia kila mmoja atunge ya kwake aiandike daftarini, nikasahihishe. Madaftari 57 yalipokuwa mikononi mwangu ndipo nilipogundua dosari ya kitaalamu katika zoezi lenyewe. Niliyasahihisha nikiwa nimefumba jicho moja. Watoto 19 wametumia jina lao na 123. Mmoja ameandika "siri". Watoto 31 wametumia chungwa-baiskeli-mvua, na nimelazimika kuwapa vema, kwa kuwa ni nywila nzuri.

Nikauliza ni nani aliye na akaunti kwenye mitandao ya kijamii. Mikono 23. Nikaeleza kwamba mitandao mingi haimruhusu mtoto chini ya miaka 13, na kwamba umri huo ulitoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya kulinda faragha za watoto. Nikauliza wao walipitaje. Wengi waliandika mwaka wa kuzaliwa 1990, wengine wa nyuma zaidi. Nina watoto wa miaka 12 waliozaliwa 1990. Mmoja amenipita umri. Sikujua nimuamkie au vipi.

Tulipofika kwenye utapeli nilijiandaa kufundisha, kumbe nilipaswa kukaa. Nilianza, "Ile hela..." Darasa zima likamalizia, "...tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo!" Wanaijua kuliko jedwali la saba. Wanawajua pia mganga anayeita watu wajiunge na Freemason, baba mwenye nyumba mwenye namba mpya, na mtu anayepiga kusema mwanao ameanguka shuleni, tuma ya dawa. Nikawaambia ujumbe wa namna hiyo hausambazwi kwa marafiki, unatumwa kwenda 15040. Waliandika. Mmoja akauliza kama na mganga ana 15040 yake.

Mwisho nikawaapisha. Kila mmoja, mkono juu, kwamba hatatoa taarifa binafsi ovyo. Walikula kiapo kwa sauti moja, kwa moyo mmoja. Kwa kuwa mwalimu hujifunza kwa kutenda, kuanzia leo shajara hii nayo haitaji jina la mtoto. Yuhura na Ayiya samahani zao.

ALHAMISI

Wamenisikiliza. Sikulizoea jambo hilo, wala sikujiandaa nalo.

Saa moja na nusu asubuhi kulikuwa na foleni nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu. Watu watatu. Kwa mara ya kwanza wiki hii foleni haikuwa nami ndani yake. Ilikuwa inanisubiri.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa baraza la Ngamiani, kanzu safi, kofia ya mkono, bakora. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba kwa namna ya kuiazima, si ya kuitoa.

"Bwana mwalimu," akasema, "jana mtoto wako amepita barazani. Kanipa shikamoo, nikamwitikia. Nikamuuliza, wewe mtoto wa nani? Kanijibu, hizo ni taarifa binafsi."

"Samahani sana, mzee wangu."

"Babu yake nimemzika kwa mikono hii."

"Samahani, mzee."

"Nikamuuliza, haya waenda wapi? Kaniambia mahali alipo hapatangazi."

Hicho cha mahali sikuwa nimekifundisha. Amekitoa kwenye akili zake. Ningekuwa nje ya ofisi ile ningempa vema.

Nilimweleza mzee kwa kirefu. Kwamba ndani ya simu wapo watu wanaojifanya watoto, au wajomba, au wafadhili. Kwamba humuuliza mtoto jina, kisha shule, kisha kama mama yuko nyumbani, kisha humwomba picha, kisha humwambia iwe siri yao wawili. Kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeyaona baadhi ya hayo. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea bakora. Kisha akasema, "Sisi twauliza mtoto wa nani ili akipotea tumrudishe. Huyo wa kwenye simu auliza ili ampoteze. Swali moja, watu wawili." Mimi nilikuwa na manila ya rangi mbili na dakika 40. Yeye hana hata diploma.

Wa pili alikuwa bibi wa kwa wakala. Jana jioni mjukuu amekataa kumwekea namba ya siri. Amemwambia, "Bibi, ziba kwa mkono." Bibi akaziba kwa mkono, na kwa kuwa tangu hapo hakuwa anaona, sasa akawa haoni mara mbili. Akakosea mara tatu, laini ikafungiwa huduma. Ni hela ya dawa ya presha. Nilimsindikiza kwenda kuifungua, tukaambiwa alete kitambulisho, kitambulisho kiko Pongwe kwa binti yake. Usalama wake kwa sasa ni kamili. Hata yeye haifikii hela yake.

Nilimnunulia miwani ya kusomea kwa machinga pale nje. Aliivaa, akaitazama simu, akanitazama mimi. "Kumbe wewe mdogo," akasema. Nimelichukua kama shukrani.

Wa tatu alikuwa mama aliyemtuma kijana mashineni na ndoo ya mahindi. Mwenye mashine aliuliza aandike jina gani kwenye ndoo. Kijana akakataa kulitaja. Ndoo ikawekwa pamoja na nyingine zisizo na majina, na kijana akarudi nyumbani na unga wa muhogo. Baba mtu alitaka sembe, akapata bada. Mama alinipa ndoo niione. Niliiona.

Nilipoachiwa, nikaenda chumba cha kompyuta kujiepusha na watu. Ukutani, juu ya soketi, kuna karatasi yenye nywila ya kufungulia kompyuta zote nane. Imebandikwa hapo tangu enzi za mtangulizi wangu, kwa maandishi makubwa, na chini yake "SIRI". Nikaona haya. Sheria ya pili ya manila ilikuwa inanitazama kutoka ukuta wa pili. Nikaibandua ile karatasi, nikaichana vipande vidogo, nikavitupa kwenye shimo la taka, vikachomwa na vingine. Nilijisikia mtu wa viwango. Hisia hiyo ilidumu mpaka saa nane.

IJUMAA

Siikumbuki ile nywila.

Nilijaribu jina la shule. Nilijaribu jina la shule na mwaka. Nilijaribu chungwa-baiskeli-mvua, kwa kuwa inaelekea kila mtu anaitumia. Nilimpigia mtangulizi wangu, aliyehamishiwa Kilindi. Hapatikani. Kompyuta zetu sasa ziko salama dhidi ya kila mtu, nikiwemo.

Nikiwa bado hapo, binti mmoja akaja na daftari kifuani. Kawaida yake ni mkimya. Akasema, "Mwalimu, sheria ya nne." Nikamwambia aendelee. Akasema jana usiku Mwalimu Mkuu ameweka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi picha ya darasa letu kwenye kompyuta, na chini yake majina yote 57, pamoja na matokeo ya mtihani wa wiki, tangu wa kwanza hadi wa 57. Yeye ni wa 41. Mjomba wake amepiga simu alfajiri kutoka Muscat kuuliza habari ya Hisabati. Muscat wameshaamka, na wameamka na jibu.

Nilikwenda ofisini. Nilianza kwa mbali, kama inavyofaa. Nikaisifu picha. Nikasema mwanga wake mzuri. Kisha nikataja, kwa njia ya kupita, kwamba nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na kwamba jina la mtoto, sura yake, shule yake na alama zake vikikaa pamoja mahali pamoja, mtu mbaya hana haja ya kuuliza lolote. Mwalimu Mkuu akasema, "Mwalimu, lile kundi ni la wazazi tu." Tukahesabu. Watoto 57. Wanakundi 214. Mmoja anauza friji za mtumba, mmoja hutuma waridi kila asubuhi bila maelezo.

Mwalimu Mkuu ni mwelewa. Akasema afute. Akabonyeza ile picha, ikamletea machaguo, akachagua upesi kwa kuwa kikao kilikuwa kinamngoja. Alichagua kuifuta kwake tu. Sasa haionekani kwenye simu moja kati ya 214. Alinionyesha simu yake. "Umeona? Haipo." Ni kweli, kwake haipo.

Baadaye nilimwomba tena, akamwita katibu muhtasi, msimamizi mwenzake wa kundi, akaifuta kwa wote kwenye simu yake. Orodha ya matokeo ilikuwa imeshasomwa. Binti wa 41 aliniambia asante hata hivyo. Akaongeza kwamba mjomba ameahidi kumtumia vitabu vya Hisabati. Sikujua niiandike hasara au faida. Nimeiandika hapa.

Saa tano tulikuwa na kipindi, na kompyuta zimefungwa. Tukakaa sakafuni turekebishe sheria ya kwanza. Niliwasimulia maneno ya mzee, swali moja watu wawili. Nikawauliza sasa tutawatofautishaje. Yule mpenda babu wa dawati la mbele alifikiri, akasema, "Mwalimu, anayeuliza tumwambie twende kwa bibi. Akikubali kuja, mtajie. Akikataa, au akisema usimwambie bibi, huyo ndiye." Darasa lilinyamaza. Nikachukua kalamu nyekundu. Wako watu huandika vitabu vinene kufika hapo, na bibi hayumo.

Manila sasa inasomeka: "Anayetaka kukujua, ajulikane kwanza kwa bibi. Anayesema iwe siri, ndiyo sababu ya kuisema." Wasio na bibi wameruhusiwa mama, baba, shangazi au mwalimu. Niliwekwa wa mwisho. Sikukata rufaa.

Zilipobaki dakika 12, mshika ekstensheni akanyoosha mkono. Akasema ile nywila anaijua. Wiki nzima amekaa chini ya ile karatasi, hana la kusoma zaidi. Nikamwambia aitaje haraka. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, sheria ya pili."

Nikamwambia mimi ni Mratibu wa TEHAMA. Akasema anajua. Nikamwambia basi aiandike kwenye karatasi. Akasema karatasi ilishachanwa, na aliyeichana ni mimi. Hatimaye akatoa sharti: ataiingiza mwenyewe, kompyuta moja baada ya nyingine, mradi asitazamwe. Watoto 56 wakageukia ukuta. Wakanisubiri. Nikageuka na mimi.

Tulisikia vitufe. Ana mwendo mzuri. Naamini hata vinundu vya F na J alivikumbuka. Kompyuta ya nane ilipofunguka, zilikuwa zimebaki dakika mbili, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameshika ekstensheni, ikalegea.

JUMAMOSI

Siku ya mapumziko. Nilipita Ngamiani kununua samaki, nikaitwa na yule mzee barazani. Hakukuwa na njia ya kukwepa. Baraza lile limejengwa kwa nia hiyo.

Alipita mtoto wangu mmoja, yule wa "taarifa binafsi". Akatoa shikamoo. Mzee akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akauliza kwa makusudi, "Wewe mtoto wa nani?" Mtoto akawaza kidogo. Akasema, "Babu, bibi yangu akujua. Akusalimia." Kisha akataja baba, babu, na babu wa babu, akaendelea mpaka mzee akamwinulia mkono, inatosha. Mzee aliridhika. Sheria mpya inafanya kazi, ila inachukua muda.

Mzee akanisogezea nafasi. Tukakaa kimya, kama watu waliomaliza kesi. Muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe. Ndipo mzee akanigeukia.

"Na wewe, bwana mwalimu. Mwaka wa sita huu uko hapa. Mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba. Hakumjua. Nikamtajia babu. Hakumjua. Nikamtajia kijiji, kule Kondoa, na mlima ulio karibu, na mtu mmoja wa kwetu aliyewahi kufanya kazi bandarini Tanga. Akafumba macho akitafuta. Hamna. Bibi yangu, wa kunidhamini, alifariki mwaka 2009.

Nimeipitia manila kichwani, toleo la zamani na jipya. Kwa yote mawili, mtu wa kuepukwa pale barazani ni mimi. Kahawa na kashata nililipa mwenyewe.